Umeme wa Jua Kutoka Angani: Nani Atalipia Mtambo wa Kwanza?

Mnamo mwaka 1968 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya mhandisi Peter Glaser, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Arthur D. Little huko Massachusetts. Glaser alipendekeza jambo ambalo wengi walilidhania kuwa hadithi: kupeleka angani mabamba makubwa ya seli za jua, kuzalisha umeme huko huko, kuugeuza uwe mawimbi mafupi ya redio yaitwayo mikrowevu, kisha kuyaelekeza mawimbi hayo duniani ili yapokewe na kugeuzwa tena kuwa umeme wa majumbani na viwandani. Mwezi Desemba 1973 alipewa hataza ya uvumbuzi huo. Zaidi ya nusu karne imepita tangu makala yale yatoke, na hakuna mji hata mmoja duniani unaowasha taa zake kwa umeme wa namna hiyo.

Asiyeifahamu habari hii aweza kudhani kwamba sayansi ndiyo iliyoshindwa. Lakini faida alizozitaja Glaser ni za kweli. Setilaiti iliyowekwa kilomita 35,786 juu ya Ikweta huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha kwenye mhimili wake, hivyo humwonekea mtazamaji kana kwamba imesimama mahali pamoja. Huko juu hakuna mawingu wala masika. Kila mita ya mraba iliyoelekezwa kwenye jua hupokea takriban wati 1,360, iwe mchana au usiku kwetu sisi wa chini. Kivuli cha dunia huifikia setilaiti hiyo katika majuma machache tu yanayozunguka siku za mlingano za Machi na Septemba, na hata hapo giza halizidi dakika 72 kwa siku. Ukichukua mwaka mzima, setilaiti hukaa kwenye mwanga karibu asilimia 99 ya muda wote.

Hata kusafirisha umeme bila waya si ndoto. Mwaka 1964 mhandisi William Brown wa kampuni ya Raytheon alirusha hadharani helikopta ndogo, iliyoongozwa kwa kamba, ambayo nguvu yake yote ilitokana na mikrowevu zilizoelekezwa kwake kutoka chini. Mwaka 1975, katika jangwa la Mojave huko California, yeye na wenzake walipeleka mawimbi umbali wa kilomita moja na nusu na kupata upande wa pili zaidi ya kilowati 30 za umeme. Zaidi ya asilimia 80 ya nguvu iliyoyafikia mabamba ya kupokelea iligeuka kuwa umeme. Kilichobaki ni kufanya hayohayo kwa ukubwa mwingine kabisa, na ukubwa huo ndio uliozaa suala la fedha.

KWA NINI MTU HAWEZI KUANZA NA KIDOGO

Mtu akitaka kuanza biashara ya kusaga nafaka hununua mashine moja. Ikilipa, hununua ya pili. Familia inayotaka umeme wa jua yaweza kuanza na bamba moja, betri moja na taa mbili. Takriban kila njia ya kuzalisha umeme inayojulikana ilikua hivyo, kutoka udogo kwenda ukubwa, na faida ya mtambo mdogo ikasaidia kulipia ule mkubwa. Setilaiti ya Glaser hainunuliki kwa mtindo huo, na sababu yake imo katika vitabu vya fizikia vya shule za sekondari.

Wimbi lolote linalotoka katika sahani ya kurushia hutanuka kadiri linavyokwenda mbali. Sahani ikiwa ndogo, kutanuka huwa kukubwa zaidi. Kipenyo cha duara litakaloangukiwa na mawimbi ardhini hukadiriwa kwa kuzidisha 2.44 kwa urefu wa wimbi, kisha kwa umbali, na kugawanya kwa kipenyo cha sahani. Mawimbi ya gigahezi 2.45, ambayo ndiyo yaliyopendekezwa hapo mwanzo kwa kuwa hupenya mvua na mawingu bila taabu, yana urefu wa sentimita 12.2 hivi. Mwanafunzi akiweka umbali wa kilomita 35,800 na sahani yenye kipenyo cha kilomita 1, atapata duara la kipenyo cha karibu kilomita 10.7. Akitaka kubana matumizi kwa kuipunguza sahani iwe ya mita 100, duara la ardhini litafikia kilomita 107, yaani eneo la takriban kilomita za mraba 9,000 ambalo lingepaswa kufunikwa kwa nyavu za kupokelea.

Hapa ndipo fizikia inapoingia katika daftari la mhasibu. Sahani ya kilomita nzima angani na uwanja wa kilomita kumi ardhini vina gharama ileile, vipitishe kilowati 100 au megawati 5,000. Kwa hiyo njia pekee ya kuvifanya vijilipe ni kuvipitishia umeme mwingi mno, na umeme mwingi wataka seli nyingi, na seli nyingi zataka roketi nyingi. Mtambo mdogo wa kujaribia soko, ambao ungeuza umeme kidogo na kumtia moyo mwenye fedha, haupo katika mpango huu. Mtambo wa kwanza lazima uwe mkubwa kama wa hamsini.

HESABU YA MWAKA 1980

Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, wazo la Glaser lilipata masikio serikalini. Kati ya mwaka 1977 na 1980 Wizara ya Nishati ya Marekani na shirika la anga la nchi hiyo, NASA, zilitumia takriban dola milioni 20 kulichunguza. Zilichora mfano wa setilaiti yenye urefu wa kilomita 10 na upana wa kilomita 5, yenye uzito wa makumi ya maelfu ya tani, ambayo ingeleta duniani megawati 5,000. Setilaiti kama hizo zingekuwa 60. Wachunguzi walishughulikia pia hofu ya watu kuungua: katikati ya uwanja nguvu ya mawimbi ingekuwa miliwati 23 kwa sentimita ya mraba, karibu robo ya nguvu ya jua la adhuhuri, na ingepungua hadi miliwati 1 kwenye ukingo.

Kisha ikaja bei. Utafiti, ujenzi wa viwanda, utengenezaji wa roketi mpya na setilaiti ya kwanza, vyote pamoja, vilikadiriwa kugharimu dola bilioni 102 kwa thamani ya dola ya mwaka 1977. Kila setilaiti iliyofuata ingegharimu bilioni 11 na kidogo. Ili msomaji apate kipimo, safari zote za Apollo, zilizowafikisha binadamu mwezini, ziligharimu takriban dola bilioni 25 za wakati ule.

Tofauti kati ya 102 na 11 yastahili kutazamwa kwa makini kuliko ukubwa wa namba zenyewe. Mjenzi wa setilaiti ya pili angepata umeme kwa bei ambayo mashirika mengi yangeweza kuivumilia. Mjenzi wa kwanza angebeba mzigo wa wote. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu ambaye angependa kuwa wa kwanza, na kila mmoja angefurahi kuwa wa pili.

Wanasiasa waliliona hilo. Mwaka 1978 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kutenga dola milioni 25 ili kuendeleza utafiti, lakini Seneti haikuupitisha. Mwaka 1981 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo ilishauri kwamba fedha zisitengwe mahsusi kwa kujenga mitambo hiyo katika miaka kumi iliyokuwa ikija. Mpango ukafungwa.

RIBA NA WAKATI

Walimu wa hisabati wanaweza kulitumia suala hili kufundishia riba ya mchanganyo, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini benki hukataa miradi ya namna hii hata inapoamini kwamba itafaulu. Tuseme mtu amekopa shilingi 100 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na mtambo wake hautauza umeme wowote kabla ya miaka 20. Siku umeme wa kwanza utakapotoka, deni litakuwa limefikia shilingi 673. Ukilitazama jambo hilohilo kutoka upande wa pili, shilingi 100 zitakazopatikana baada ya miaka 20 zina thamani ya shilingi 15 tu leo. Riba ikiwa asilimia 3, ambayo ni riba ya serikali yenye kuaminika sana, shilingi hizo 100 zina thamani ya 55.

Mradi uleule, basi, waweza kuwa wa hasara mikononi mwa benki ya biashara na wa faida mikononi mwa serikali, bila hata msumari mmoja kubadilishwa. Na benki haiishii kwenye asilimia 10. Kwa kitu ambacho hakijawahi kujengwa huongeza riba ya hofu: hofu kwamba roketi italipuka, au kwamba seli zitaharibiwa na mionzi kabla ya wakati wake.

Mabwawa ya umeme yana tabia inayofanana kidogo na hiyo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilizungumzwa na kuchunguzwa kwa miongo mingi kabla ya mkataba wa ujenzi kutiwa saini mwezi Desemba 2018 kwa gharama ya takriban shilingi trilioni 6.5. Serikali ya Tanzania iliamua kulilipia yenyewe, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha mwezi Februari 2024. Bwawa nalo hudai fedha zote kabla ya kutoa uniti moja. Ila mabwawa yamejengwa kwa maelfu duniani, na mhandisi ajua saruji itakayohitajika na miaka ambayo kuta zitadumu. Mwenye kukopesha kwa ajili ya bwawa akopesha kwa kitu kinachojulikana.

MIFANO MIWILI YA KUTAFUTA MTAJI

Watetezi wa mitambo ya angani wamezoea kuutaja mfano wa setilaiti za mawasiliano. Sheria ya mwaka 1962 ilianzisha nchini Marekani kampuni ya COMSAT, ambayo mwaka 1964 iliuza hisa na kukusanya dola milioni 200. Nusu ya hisa hizo zilinunuliwa na wananchi wa kawaida. Mwaka huohuo nchi kadhaa ziliungana katika chombo cha Intelsat, na mwezi Aprili 1965 setilaiti yao ya kwanza, iliyopewa jina la Early Bird, ilirushwa na kuanza kupitisha simu na picha za televisheni juu ya bahari ya Atlantiki. Serikali ilikuwa imelipia roketi na utafiti wa awali. Wananchi walilipia biashara.

Mfano huo wavutia, lakini hauchukuani vizuri na setilaiti za umeme. Early Bird ilipokuwa angani haikufika uzito wa kilo 40. Tena dakika moja ya simu kati ya Ulaya na Marekani ilikuwa bidhaa adimu ambayo watu walikubali kuilipia ghali. Umeme ni umeme. Mteja anayewasha pasi hajali kama umetoka kwenye maporomoko ya maji au kilomita elfu 36 juu ya kichwa chake, na hatalipa senti moja zaidi kwa ajili ya ajabu hiyo.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi nasi na unafundisha zaidi. Mwaka 2009 kampuni ya umeme ya Pacific Gas and Electric ya California ilikubaliana na kampuni changa iitwayo Solaren kununua umeme wa megawati 200 kutoka angani kwa miaka 15, kuanzia mwaka 2016. Mwezi Desemba 2009 tume inayosimamia huduma za umma katika jimbo hilo iliuidhinisha mkataba. Magazeti yaliandika kana kwamba setilaiti imekwisha kujengwa. Kumbe tume iliona wepesi kuidhinisha kwa sababu mkataba haukumtwika mnunuzi mzigo wowote: angelipa umeme ukifika tu, na usipofika asingelipa. Kwa mtambo wa upepo au wa gesi, karatasi kama hiyo hutosha kupelekwa benki na kukopewa. Kwa Solaren ilikuwa ahadi ya kununua maziwa ya ng'ombe ambaye hajazaliwa. Mkataba wa kununua humwondolea mjenzi hofu ya kukosa soko, lakini fedha za kuvumbua kisichokuwapo hauzileti. Mwaka 2016 ulifika na kupita bila umeme.

HESABU YA MWAKA 2024

Tangu mwaka 1980 mambo mawili yamebadilika sana. Roketi zinazotua na kutumika tena zimeshusha mno bei ya kupeleka mzigo angani. Seli za jua nazo, ambazo katika miaka ya 1970 ziliuzwa kwa makumi ya dola kwa kila wati, sasa huuzwa kwa sehemu ndogo ya dola moja. Ilitazamiwa kwamba mabadiliko hayo yangelifufua wazo la Glaser, na kweli yamelifufua. Mwezi Januari 2024 NASA ilitoa ripoti mpya iliyopima mifano miwili ya mitambo, kila mmoja wa kuleta duniani gigawati 2, karibu sawa na uwezo wa bwawa la Rufiji.

Matokeo hayakuwapendeza watetezi. Uniti moja ya umeme ingegharimu senti 61 za dola katika mfano wa kwanza na dola 1 na senti 59 katika wa pili, wakati mitambo ya ardhini isiyochafua hewa ingeuza kwa senti 2 hadi 5. Zaidi ya asilimia 70 ya gharama ingekwenda kwenye urushaji peke yake: mfano wa kwanza ulihitaji safari za roketi 2,321, na wa pili 3,960. Ripoti haikufunga mlango. Ilionyesha kwamba urushaji ukiwa rahisi zaidi, vyombo vikidumu muda mrefu zaidi, na viwanda vikitengeneza vipande kwa wingi, bei zaweza kushuka hadi senti 3 na senti 8. Ila masharti hayo yote hayana budi kutimia kwa pamoja.

Kuna kinaya ndani ya hesabu hii ambacho wahandisi hawapendi kukizungumza. Seli rahisi zinazopunguza gharama ya setilaiti ndizo hizohizo zinazotandazwa juu ya mapaa na kwenye mashamba. Kila senti inayookolewa angani huokolewa na ardhini pia, na betri za kuhifadhi umeme wa usiku nazo zimeshuka bei. Mshindani aliyekuwa dhaifu siku za Glaser amekuwa na nguvu kwa chakula kilekile.

FEDHA ZA HATUA NDOGO

Kwa kuwa mtambo kamili haukopesheki, wachache wametafuta njia ya kununua ujuzi kidogo kidogo. Taasisi ya Teknolojia ya California ilipata zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa tajiri Donald Bren, aliyezitoa kama zawadi. Fedha za zawadi hazina riba wala tarehe ya kurudishwa, nazo hufaa hasa pale ambapo swali bado ni la maabara. Mwezi Januari 2023 taasisi hiyo ilirusha chombo cha majaribio cha uzito wa kilo 50 hivi. Mwezi Machi kilipeleka mikrowevu umbali wa sentimita 30 ndani ya chombo chenyewe na kuwasha vitaa viwili, na mwezi Mei mawimbi yake yalipokewa juu ya paa la jengo moja huko Pasadena. Kilichofika kilikuwa kidogo mno kufaa kazi yoyote. Lakini kilifika.

Japani imetumia fedha za serikali na za kampuni kwa pamoja. Mwaka 2015 kampuni ya Mitsubishi Heavy Industries ilipeleka kilowati 10 umbali wa mita 500 ardhini. Shirika la anga la Ulaya lilianzisha mwaka 2022 mpango uitwao SOLARIS, wa uchunguzi tu, na serikali ya Uingereza mwaka 2023 iligawa pauni milioni 4.3 kwa vyuo na makampuni. Msomaji alinganishe milioni hizo na mabilioni yaliyotajwa juu. Ni ada ya kuendelea kukaa mezani.

Wengine wameamua kuikwepa sheria ya mawimbi yenyewe. Kampuni ya Aetherflux, iliyoanzishwa mwaka 2024 na Baiju Bhatt, inataka kutumia setilaiti ndogo zinazopita karibu na dunia na kutuma nguvu kwa miale ya leza. Kwa kuwa urefu wa wimbi la leza ni mfupi mno na umbali umepungua, duara la ardhini hupungua hadi mita chache, na kwa hiyo mtu aweza kuanza na setilaiti moja. Mwaka 2025 wawekezaji waliiamini kampuni hiyo kwa dola milioni 50. Wamelipa kwa namna nyingine: mawingu huzuia leza, na setilaiti iliyo karibu hupita juu ya mpokeaji kwa dakika chache tu, hivyo umeme wa mfululizo utahitaji setilaiti nyingi. Mteja wanayemtazamia kwanza ni jeshi. Tangu mwaka 2007 ofisi moja ya ulinzi ya Marekani ilikwisha kueleza kwamba kambi za mbali, zinazopelekewa dizeli kwa misafara ya hatari, zaweza kukubali bei ya umeme ambayo raia hawezi kuikubali.

MAHALI PA KUSIMAMA

Mwenye kuweka mtaji wa miaka 30 hutaka pia kujua kwamba nafasi yake angani haitachukuliwa. Suala hili lilifika Afrika mapema. Tarehe 3 Desemba 1976, mjini Bogotá, nchi za Ikweta zikiwamo Kenya, Uganda, Kongo na Zaire kama ilivyoitwa wakati ule, zilitangaza kwamba sehemu ya obiti iliyo juu ya ardhi yao, kilomita 35,786 kwenda juu, ni mali ya asili yao. Mataifa mengine hayakulikubali tamko hilo, yakitegemea mkataba wa mwaka 1967 unaokataza nchi yoyote kuimiliki anga ya nje, na hadi leo nafasi hugawiwa kupitia Shirika la Kimataifa la Mawasiliano. Kama dai lile lingekubaliwa, kodi ya pango ingekuwa mstari mmoja zaidi katika daftari la mjenzi.

Ardhi ya Ikweta, hata hivyo, ina thamani ambayo haikuhitaji tamko. Mawimbi yanayoshuka wima huangukia duara. Yanayokwenda kaskazini au kusini huanguka kwa mshazari na kurefuka. Katika mfano wa mwaka 1980 uwanja uliopo latitudo ya nyuzi 35 ulikuwa na urefu wa kilomita 13 na upana wa kilomita 10. Chini kabisa ya setilaiti hiyohiyo, uwanja wa duara la kilomita 10 ungetosha, na karibu robo ya ardhi, na ya nyavu za kupokelea, ingeokolewa.